Sauti za Pande Zote

Mimi ni mwalimu, na pamoja na kazi ya darasani nimefundisha kwaya kwa zaidi ya miaka 20. Mtu aliyefanya kazi moja kwa muda mrefu hudhani kwamba anaijua. Mimi nami nalidhani hivyo. Nalidhani najua kwaya ni nini, na jinsi inavyosikika, na jinsi ipasavyo kusikika. Walakini mwaka 2022 mama yangu mzazi, ambaye hakupata kusoma noti hata moja, alinionyesha kwamba lipo jambo kubwa ambalo sikulijua. Jambo lenyewe lilitokana na mashine za muziki ambazo sasa zimeingia katika nyumba nyingi, zile zenye spika tano na sabufa yake. Basi nataka kuwaeleza habari hizi kwa taratibu, maana naona zaweza kuwafaa walimu wa kwaya na hata wasio walimu.

Nyumbani kwetu ni Kikwajuni, Unguja. Ukitoka Mnazi Mmoja, ukaupa Mji Mkongwe kisogo, huendi mbali ila umekwisha ingia mtaani kwetu. Hapo pana nyumba za ghorofa zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na katika mojawapo ya nyumba hizo mama alikaa ghorofa ya juu. Kila Jumapili alishuka ngazi zile, akaenda kwa miguu hata Kanisa Kuu la Mkunazini, akaimba sauti ya pili. Alianza mwaka 1974, akaendelea kwa muda wa miaka 45. Hata mwaka 2019 magoti yakakataa. Kushuka aliweza kwa kusaidiwa. Kupanda kukawa ni mateso. Padre alimletea Sakramenti nyumbani, na majirani walimtazama kwa wema sana, Wakristo na Waislamu. Hakupungukiwa na chakula wala maneno mazuri. Walakini siku moja nilipomwuliza kama ana haja ya kitu, alinijibu, “Sina haja ya kitu, baba. Nina njaa ya kuimba tu.”

Nalimwambia, “Imba, mama, nani atakayekuzuia?” Akatikisa kichwa. “Sauti ya pili haiimbwi peke yake,” akasema. Na maneno haya ni kweli. Sauti ya kwanza yaweza kuimbwa na mtu mmoja akifua nguo, na kila asikiaye akajua ni wimbo gani. Sauti ya pili ikiimbwa peke yake ni kama mguu mmoja wa kitanda.

Katika siku zile mpwa wangu, kijana afanyaye kazi bandarini, alimletea bibi yake mashine ya muziki ili imchangamshe. Ilikuwa na spika tano ndogo na sabufa moja kubwa kama debe. Kijana akazipanga spika zote tano juu ya kabati, pande mbili za televisheni, kama vikombe vya mashindano, na sabufa akaiweka chini sakafuni. Akatia filamu ya vita. Mama alistahimili dakika chache, kisha akaomba izimwe. Kabla haijazimwa ikabishwa hodi. Alikuwa jirani wa chini, mama wa makamo, akaniambia kwa adabu, “Mwalimu, niwie radhi, lakini vikombe vyangu vinacheza kabatini.” Tuliona haya sana. Mashine ikafunikwa kitambaa, ikakaa miezi mingi bila kazi.

Mimi ndiye niliyeifunua, kwa sababu nalisoma karatasi iliyokuja nayo, nikaona picha ya chumba na mtu ameketi katikati, na spika zimemzunguka. Ndipo nikafahamu kwamba tulikuwa tumeitumia visivyo. Na hapa, wasomaji wangu, niwaeleze kidogo jinsi masikio yafanyavyo kazi, maana bila ya hayo mengine hayafahamiki.

Mfungeni mtoto kitambaa machoni, asimame katikati ya darasa, na wenzake wapige makofi mmoja mmoja kutoka pembe mbalimbali. Mtoto ataonyesha kwa kidole pale kofi lilipotoka, na mara nyingi hatakosea. Kisha mwambieni azibe sikio moja barabara. Sasa atababaika. Sababu ni hii: sauti husafiri hewani kadiri ya meta 340 kwa sekunde moja. Ndiyo maana mtu akipasua kuni mbali, twaliona shoka kwanza, na mlio hutufikia baadaye. Kofi likipigwa kushoto, sikio la kushoto hulisikia kwanza, na la kulia hulisikia nyuma yake kwa muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena kwa nguvu ndogo zaidi kwa kuwa kichwa kimekinga. Muda huo hauwezi kupimwa na saa zetu za mkononi; walakini Mungu ametutia akili ya kuupima bila kufikiri. Na umbo la sikio lenyewe, na kugeuka kwa kichwa, hutusaidia kujua kama sauti i mbele au i nyuma.

Santuri za kale hazikuweza kulipa sikio riziki hiyo. Wazee wetu walisikia sauti ya Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, katika santuri zilizonaswa Bombay mwaka 1928, na furaha yao ilikuwa kubwa; lakini sauti yake, na udi, na fidla, vyote vilitoka katika tundu moja. Mwaka 1931 Mwingereza mmoja, Alan Blumlein, alipeleka maombi ya hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kunasa sauti kwa njia mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Husimuliwa kwamba alikuwa amekwenda sinema na mwanamke ambaye baadaye akawa mkewe, akaudhika kuona mtu yu upande mmoja wa pazia na sauti yake yatoka upande mwingine. Mwaka 1940 Wamarekani wakaonyesha filamu ya Fantasia, ya Walt Disney, na katika majumba machache muziki wake ulitoka katika spika nyingi. Katika miaka ya 1970 wakajaribu kuuza mashine za nyumbani zenye spika nne. Watu hawakuzipokea, kwa kuwa zilikuwa ghali, na watengenezaji wenyewe hawakupatana juu ya namna moja. Ilikuwa mpaka mwisho wa miaka ya 1990, zilipoenea sahani za DVD, ndipo spika tano na sabufa zikaingia nyumbani kwa watu wengi. Na tangu 2012 wako watengenezao sauti za kutoka hata darini.

Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la mashine tu. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, katika Kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice, Giovanni Gabrieli alitunga nyimbo za makundi mawili, matatu au zaidi ya waimbaji na wapiga tarumbeta, wakajibizana kutoka roshani mbalimbali. Sisi nasi tuimbapo Zaburi kwa zamu, upande huu na upande ule, twafanya lilo hilo. Na ngoma zetu ni nini, kama si duara? Taarabu hukaa mbele ya watu. Wapigaji wa Akhwan Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, hupanga viti vyao wakatuelekea. Bali katika ngoma ya shamba, achezaye huwa na ngoma nyuma yake, kigelegele kushoto, na kofi kulia. Hakuna mbele wala nyuma.

Basi nalipata shauri la kunasa wimbo mmoja wa Pasaka ulioimbwa na kwaya yetu, ili uchezwe katika spika zile tano kwa ajili ya mama. Nalimwomba kijana mmoja wa mjini, ajuaye kazi ya kunasa sauti, anisaidie. Yeye akaweka maikrofoni tatu mbele ya kwaya, ya kushoto, ya katikati na ya kulia, na mbili akaziweka mbali nyuma kanisani, akazielekeza ukutani. Zile za nyuma zilikuwa za kunasa mwangwi. Kanisa lile lilijengwa na Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Dari lake ni kuba ndefu ya mawe ya matumbawe na saruji, na sauti ikipanda huko hukaa kidogo kabla ya kufa. Tuliimba vizuri jioni ile. Mimi mwenyewe niliyasikiliza yaliyonaswa, nikaona fahari.

Nyumbani nalizipanga spika kama karatasi ilivyoagiza. Mkichora uso wa saa sakafuni, na msikilizaji ameketi katikati ameielekea namba 12, basi spika ya katikati hukaa namba 12, zile mbili za mbele namba 11 na namba 1, na zile mbili za nyuma hukaa ubavuni kwa nyuma kidogo, kati ya namba 3 na 4, na kati ya namba 8 na 9. Zote ziwe mbali naye sawasawa, na ziwe kimo cha masikio. Ikiwa moja i karibu mno, sauti yake huwahi kufika, na sikio hudhani kwamba kwaya nzima imehamia upande huo. Sabufa naliitoa sakafuni, nikaiweka juu ya kipande cha godoro, nikaipunguza sana. Kwa kweli kwaya haina haja kubwa nayo. Sauti ambazo sikio haliwezi kutambua zatoka upande gani ni zile nene mno, za mitetemo chini ya 80 hivi kwa sekunde, na waimbaji wetu wa sauti ya nne ni nadra kushuka hapo.

Mama akaketi kitini pake. Wimbo ukalia. Kwaya ilikuwa mbele, wazi kabisa, na kuba la Mkunazini lilikuwa nyuma yetu, pale Kikwajuni, katika chumba cha kuta nne. Nalimtazama mama nikingoja machozi. Hakulia. Wimbo ulipokwisha alisema, “Wameimba vizuri. Wape salamu zangu.” Nami nikamwona kwamba ananisitiri. Nikamwuliza, “Mama, umepungukiwa na nini?” Akafikiri kidogo, akasema, “Wananiimbia kama mgeni rasmi.”

Sikufahamu. Ndipo aliponiambia neno ambalo sikulisahau hata leo. “Baba,” akasema, “miaka 45 sikupata kuisikia kwaya kwa mbele hata siku moja. Wanaoisikia kwa mbele ni watu wa vitini, na wewe. Mimi nilikuwa ndani yake.”

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Miaka yote ile mimi nalisimama mbele, nikapokea sauti nne kwa pamoja kama sahani iliyokwisha pakuliwa, nikadhani ndivyo kwaya ilivyo. Nikamwomba mama anieleze yeye alisikia nini. Alieleza kwa saa nzima, nami nikaandika. Kushoto kwake walikuwa sauti ya kwanza, wakali kama filimbi, hasa asubuhi. Kulia, mbele kidogo, walikuwa sauti ya tatu, na mmoja wao alichelewa daima. Nyuma yake walikuwa sauti ya nne. Hao hakuwasikia kwa masikio tu, bali mgongoni. Na bega lake la kulia liligusana na la rafiki yake, waliyeimba pamoja tangu ujana. Rafiki huyo, kabla ya kila ubeti, alivuta pumzi kwa nguvu. “Pumzi ile ndiyo iliyokuwa saa yangu,” akasema mama. Nikamwuliza, “Na mkono wangu?” Akacheka. “Mkono wako, baba, naliutazama kwa heshima.”

Tuliporudi kanisani mara ya pili nalimwambia kijana wetu kwamba maikrofoni zisikae mbele. Nalimwonyesha mahali pa mama, safu ya pili, nikamwomba aweke nguzo moja hapo, kimo cha masikio ya mwanamke mfupi, na juu yake maikrofoni tano, kila moja imeelekea upande wake kama zile spika zitakavyokaa. Akasita. Alisema tutanasa pumzi, na karatasi zikigeuzwa, na viatu. Nikamjibu kwamba hayo ndiyo tuyatakayo. Akasema tena kwamba walio karibu watasikika sana na walio mbali kidogo. Nikamwambia kwamba mama naye aliwasikia vivyo hivyo.

Kulikuwa na swali moja la kuamua kwanza. Sauti ya pili ilipungukiwa na mtu mmoja, naye ni mama mwenyewe. Je, tumtie mwingine aimbe karibu na nguzo? Nalimwuliza mama, akajibu, “Paacheni wazi. Nitapajaza.”

Kazi haikwenda vyema mara moja. Waimbaji walipoona ile nguzo imesimama kati yao kama askari, waliogopa. Kila mmoja alijua kwamba kosa lake litasikika peke yake, wakaimba kwa woga kama watu wanaopita penye mgonjwa. Tulirudia mara tatu, zote zikawa baridi. Ndipo mwanamke mmoja wa sauti ya pili akatoa khanga aliyoazima kwa mama zamani, akaifunga katika nguzo, chini ya maikrofoni. Watu wakacheka, na hofu ikawatoka. Mara ya nne waliimba wakiielekea khanga, wala si mimi.

Kijana alipoziunganisha njia zile katika kompyuta yake, alitaka kuisafisha kazi. Alikuwa na uwezo wa kufuta kila pumzi na kila mchakacho wa karatasi. Nalimzuia. Namsifu kwa kuwa alinisikiliza, maana fundi huona haya kutoa kazi yenye vumbi.

Tuliisikiliza nyumbani siku ya Jumatano usiku. Tulingoja sala ya Isha ikaisha, majirani wasiudhike, na sauti tukaiweka ya kadiri. Jirani yetu wa chini tulimwalika. Akaja na mkate wa kumimina, akaketi mlangoni. Nikazima taa.

Kwanza haukusikika wimbo. Zilisikika karatasi kulia na kushoto, na mtu wa sauti ya nne akakohoa nyuma yetu, hata jirani akageuka kumtazama. Kisha, katika spika ya kulia, pumzi ikavutwa. Mama akavuta yake. Wote wakaanza pamoja.

Sikuwa nimeisikia sauti yake ikiimba tangu mwaka 2019. Ilikuwa imekuwa nyembamba, na mahali pa juu ilikatika. Lakini iliingia katika ule wazi kama mlango unavyoingia katika fremu yake. Alipokosea hakusimama, kwaya ilimchukua, naye akadaka ubeti uliofuata. Mimi niliyesimama pembeni nalisikia vibaya, maana vitu vile hupangwa kwa ajili ya mtu mmoja aketiye katikati, na aliye pembeni husikia spika moja kupita nyingine. Hilo halikunidhuru. Nalikuwa nikimsikia yeye.

Wimbo ulipokwisha, mama aligeuza uso upande wa kulia, penye spika, akauliza, “Huyu ni nani?” Nalijua ananiuliza nini. Rafiki yake yule alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama kwa ajili ya magoti hakuweza kwenda kumzika. Aliambiwa, alilia, akasali. Lakini nadhani moyoni mwake kwaya ilikuwa imebaki vile alivyoiacha, kila mtu mahali pake. Nikamjibu kwamba huyo ni binti mmoja mgeni, amepewa mahali pale tangu Kwaresima. Mama akanyamaza kwa muda mrefu. Jirani yetu akainama akatazama mikono yake. Kisha mama akasema, “Anavuta pumzi kwa haraka. Anaogopa. Mwambieni asiogope, nipo hapa.” Akaniamuru nianze tena.

Nalipeleka ujumbe ule kama nilivyoambiwa. Binti akastaajabu kusikia kwamba mtu ameketi Kikwajuni anajua kwamba yeye anaogopa. Jumatano iliyofuata akapanda ngazi akaja mwenyewe, na baadaye akaja na wenzake wawili. Wakawa wanaimba na mama, yeye kitini, wao wamemzunguka. Siku nyingine mashine haikuwashwa kabisa. Mama alisema jambo hili lilimkumbusha miezi mitatu ya giza, tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima. Jioni zile watu wa nyumba yetu walikaa ngazini kupunga hewa, na yeye alipoanza wimbo, wengine walimjibu kutoka juu na wengine kutoka chini.

Mama alifariki wakati wa masika ya 2024. Kanisani, katika mazishi yake, nalisimama mbele ya kwaya kama desturi, nikainua mkono. Nikaona kwamba sauti ya pili hawakunitazama mimi. Walimngoja yule binti avute pumzi. Alivuta polepole, kama alivyofundishwa, na wote wakaanza.

Sasa niseme maneno machache kwa walimu wenzangu, maana siku hizi kwaya nyingi zinanasa nyimbo zao, na vijana wanatuomba tuzitengeneze kwa ajili ya spika nyingi.

Kwanza, kabla ya kuweka maikrofoni, amueni msikilizaji wenu amesimama wapi. Yu vitini? Yu ndani ya safu? Yu mlangoni, amechelewa? Kila mahali pana wimbo wake, wala spika nyingi hazifai kitu ikiwa swali hili halikujibiwa.

Pili, msitupe sauti huku na huku kwa kuwa tu mashine yaweza. Mtoto aliyepewa kengele mpya huipiga siku nzima. Sauti iende nyuma ya mtu ikiwa ina sababu ya kuwa nyuma yake.

Tatu, jaribuni kazi yenu pia katika simu ndogo yenye tundu moja. Wengi wataisikia hivyo, na wimbo ukiharibika hapo, basi haukutengenezwa vema.

Nne, nyumbani kwenu zipangeni spika kulizunguka kiti, si juu ya kabati; na sabufa ipungueni, mkikumbuka vikombe vya jirani.

Tano, na hili ndilo ninalolitilia mkazo: ikiwa mna mwimbaji mzee asiyeweza tena kuja, msimpelekee wimbo uliokwisha timia. Mpelekeeni ulio na nafasi yake. Kisha nendeni wenyewe, maana mashine haiwezi kumwuliza hali.

Ule wimbo wa mwaka 2022 ninao bado. Mara chache nauweka usiku, baada ya Isha, spika zikiwa mahali pake. Ule wazi unasikika. Wiki iliyopita binti yangu mwenye miaka 12 aliketi katika kiti cha bibi yake bila kuambiwa, akajaribu kuimba hapo, akapotea katika ubeti wa pili. Akaniomba niurudishe mwanzo, nami nikaurudisha.